Jaketi Lililovaliwa Kinyume

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu ana swali lile lile: ni kweli Shafii alianguka? Nimekuwa nikisimulia vipande vipande, huyu nusu, yule robo, mpaka juzi nikasikia mtaani kwamba mdogo wangu amekatwa mguu na mimi nilikamatwa na silaha. Basi nimeona heri niandike yote mara moja, anayetaka asome. Miguu anayo, yote miwili. Habari ya silaha ina ukweli kidogo, tutaifikia.

Bukoba hadi Mbarara

Kwa wasionijua, mimi ni Zaituni, nauza vipuri vya pikipiki hapa Bukoba, na pikipiki naendesha mwenyewe. Shafii ndiye kitinda mimba wetu. Alihamia Bwera, kule Uganda mpakani na Kongo, akawa dereva wa bodaboda, akaoa msichana wa Kikonzo anayeitwa Masika. Wakati nafunga safari, Masika alikuwa kwa mama yake mjini Kasese akingoja kujifungua, mimba ya kwanza.

Tulikuwa na kaka mkubwa, Idi. Idi alitoka siku moja kwenda sokoni na pikipiki, akaiacha kofia nyumbani kwa kuwa soko si mbali. Hakurudi. Kofia yake ingali kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama, haina hata mkwaruzo, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Kwa hiyo mama aliposikia nimepata kwenye belo la mitumba jaketi la waendesha pikipiki, lile nene lenye sahani ngumu mgongoni na pedi za viwiko na mabega, hakuniachia nafasi ya kuliuza. Alinitazama nikilifunga kwenye begi pamoja na glavu na kofia ya kufunika uso mzima. "Usirudi mpaka umemwona amevaa," alisema. "Kwa macho yako. Kwenye simu yule husema ndiyo kwa kila kitu." Nilimwahidi. Nilikuwa na yangu pia moyoni: nilitaka huyo mtoto azaliwe amkute baba yake mzima.

Mvua ilinikamata baada ya Masaka, ikanifuata mpaka Lyantonde, na mimi ndani ya jaketi langu nikachemka kama ndizi. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu aliniita bwana mara mbili. Nilipovua kofia akaona mtandio, akaacha kuhesabu lita, akaniuliza mume wangu amebaki wapi nyuma. Nikamwambia amebaki Bukoba anapika. Alicheka mpaka mafuta yakamwagika, nami sikuwa natania, mume wangu hupika vizuri kunishinda.

Mbarara nililala. Asubuhi nikala katogo, ile ndizi iliyopikwa pamoja na utumbo, sahani ya mtu mwenye safari, nikaondoka nimeshiba na nina furaha.

Mbarara hadi Katunguru

Ukishapita Ishaka barabara inaanza kushuka bondeni, na ukifika ukingoni unaona mbuga yote chini na maji ya ziwa pembeni. Nilisimama nikatazama. Upepo ulikuwa mzuri, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba labda safari hii itakuwa rahisi.

Katunguru ni senta ya wavuvi penye daraja la mfereji wa Kazinga. Kabla ya daraja palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi palikuwa na afande mwenye mwavuli.

"Wewe, simama. Zima piki. Toa kofia."

Nikatoa. Akasema, "Kumbe ni mama," kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. Kisha akataka begi lifunguliwe. Glavu akazipitisha. Alipoligusa jaketi na kuisikia ile sahani mgongoni, uso ukambadilika.

"Hii ni ya jeshi."

"Hapana, afande."

"Hii ni ya kuzuia risasi. Unapeleka Kongo kwa nani?"

"Napeleka Bwera, kwa mdogo wangu. Ni ya kuangukia."

"Ya kuangukia namna gani? Nani anapanga kuanguka?"

Swali hilo lilinichoma hata mimi. Akaniambia ningoje mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa anakula. Nikaonyeshwa benchi. Mama muuza samaki aliyekuwa jirani, ambaye alikuwa ameshalitangaza kosa langu kwa kijiwe kizima, aliniletea ngege wa kukaanga na muhogo, akaniambia hata mfungwa anakula. Nilikula mpaka miiba. Samaki wa mfereji ule, nawaambia, ni mtamu hata ukiwa unashukiwa uasi.

Mkubwa alikuja, akaigonga sahani kwa vidole, akawa hana uhakika. Nikaona nitalala pale. Basi nikalivaa lile jaketi juu ya langu, nikampa mgongo, nikamwambia, "Afande, nipige na hicho kirungu." Akasita. Watu wakasogea. Akanipiga kidogo, kisha zaidi kidogo. Nikamwambia sijasikia kitu, aendelee tu.

"Lakini risasi hii haizuii," nikasema. "Inazuia lami."

Aliguna, akaligeuza jaketi tena na tena, kisha akanirudishia. Yule wa mwavuli ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama yapo majaketi mengine huko nilikotoka, kwa sababu kaka yake naye ni wa boda. Nikamwachia namba ya duka. Nilifunga begi upesi, maana wangelichukua ningemwambia nini mama?

Katunguru hadi Bwera

Ng'ambo ya daraja tembo walikuwa wamesimama barabarani, mama na wanawe, hawana haraka. Malori yalizima injini na mimi nikazima. Dereva wa lori aliyekuwa mbele yangu alinishauri nisipige honi, kana kwamba nilikuwa na wazo hilo. Walipoondoka tulisubiri tena kidogo, kwa heshima.

Kikorongo nikakata kushoto. Barabara ya kwenda Bwera inapita katikati ya mashamba ya pamba na mahindi ya upande wa Munkunyu, na kulia kwako milima ya Rwenzori inakufuata mpaka mwisho. Huko niliona jambo nililolichukulia la kawaida: watu wameanika mahindi yaliyopukuchuliwa pembeni mwa lami yenyewe, wakayazungushia mawe ili magari yasikanyage. Lami ina joto, mahindi hukauka upesi. Nikaona ni akili.

Nilifika Bwera siku ya soko, nimevaa kila kitu: kofia nyeusi imefunika uso, glavu, mabuti, suruali ya mvua nyeupe. Niliingia kwenye uchochoro nilioelekezwa kwa simu, na watoto waliokuwa wakicheza wakaniona, wakatimua mbio.

"Banganga ba Ebola! Beko banakuya!"

Waganga wa Ebola wanakuja, ndivyo walivyopiga kelele, na milango ikafungwa. Nikabaki na pikipiki yangu katikati ya uchochoro. Dirisha moja likafunguka kidogo, na mama mmoja aliyekuwa na samaki wa chumvi mkononi akanisemesha kwa upole sana, upole wa mtu anayemsemesha mgonjwa wa akili.

"Munganga, sisi huku hatuko na mugonjwa. Ule muzee unasikia anakohoa, iko malaria tu."

Nikavua kofia. Nikamwambia mimi ni dada wa Shafii wa Bukoba. Akanitazama kutoka mabuti hadi mtandio.

"Ule Shafii wa moto?"

Kule pikipiki huiita moto, kwa hiyo nikaitika. Akafungua mlango, akawaita watoto, akawaambia ni mutu tu. Yule mzee mwenye kukohoa alitoka pia kunisalimu, na nilimpa mkono kwa roho safi ingawa glavu sikuvua.

Bwera

Shafii amenenepa. Alinikumbatia pale steji, kituo chao cha bodaboda, mbele ya wenzake, akaniita dada mara nyingi, na lugha yake imegeuka ya mpakani kabisa hata nikawa namtafuta ndani yake mdogo wangu. Tulikula kwake bundu, ugali wao wa muhogo unaovutika, pamoja na sombe, yaani kisamvu. Baada ya kula nikafungua begi.

Alifurahi kweli. Aliligusa kila pedi, akagonga sahani. Kisha akalivaa, akaingiza mikono kwa mbele, zipu ikaangukia mgongoni, akageuka ili nimfungie.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilikuwa nimeshawaona madereva wa huko wote wamevaa hivyo, makoti yamegeuzwa, vifungo nyuma, ila sikuwahi kuwaza kwamba jaketi langu nalo litapata adabu hiyo.

"Shafii, sahani ni ya mgongo."

"Dada, huku koti inavaliwa hivi. Baridi ya mulima inaingiaka kwa kifua, haiingiake kwa mugongo."

"Na pedi za viwiko zitakaa wapi? Zitakaa ndani ya mkunjo wa mkono."

"Itakaa palepale itakaa."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikampeleka steji akiwa amevaa kama lilivyoshonwa, zipu mbele, kofia, glavu, kila kitu. Mteja wa kwanza, mwanamke mwenye kreti ya nyanya, alimtazama akapita, akapanda ya jirani. Wa pili vilevile. Mwenzake mmoja, Baluku, mrefu, ambaye hana kofia kabisa, ndiye aliyenifafanulia bila ubaya.

"Mama, ule mutu anavaa hivi, batu banasema anajua atabaangusha. Nani atapanda moto ya mutu anajitayarisha kuanguka?"

Lilikuwa swali la afande tena. Nilikasirika, sitawaficha. Nilimwambia Baluku kwamba kaka yetu hakujitayarisha, na kwamba nilimwosha uso mimi mwenyewe. Shafii akavua jaketi polepole, akaligeuza, akavaa kinyume. "Hivi bananijua," akasema. "Hivi nitavaa kila siku. Ile ingine nitavaa mupaka urudi Bukoba, halafu nitaitundika." Angalau hakunidanganya. Nikamfunga zipu kwa hasira.

Bwera hadi Kasese

Simu ya Masika ilikuja alfajiri: uchungu umeanza kidogo kidogo, tuje. Tukaondoka kila mtu na pikipiki yake, Shafii mbele. Baridi ya mlima ilikuwa kali na nilikiri moyoni kwamba kifua changu kilikuwa kinapigwa upepo kuliko chake. Kabla ya kuondoka nilimfunga mkanda wa kofia chini ya kidevu kama nilivyokuwa nikimfunga vifungo vya shule, naye akaniachia.

Upande wa Munkunyu jua lilishatoka na wenye mahindi walishaanika. Mbele yetu lori la mizigo lililoelekea Kongo likaja, na nyuma yake jingine likachomoza kulipita. Shafii alifanya ambalo kila mmoja wetu angefanya, akasogea pembeni. Gurudumu la mbele likapita katikati ya mawe mawili na kuingia kwenye mahindi.

Punje za mahindi makavu juu ya lami haziwezi kumshika mtu. Niliona nyuma ya pikipiki ikimpita mbele. Niliona kifua chake kikigonga usukani, kisha akatoka akateleza kifudifudi, mikono mbele, mpaka kwenye majani. Malori yakaenda zao.

Sijui niliegesha vipi pikipiki yangu. Najua nilikuwa nimepiga magoti, na kitu nilichokuwa nakiona ni zipu, mgongoni kwake, nilikoifunga mwenyewe. Hakuwa anatikisika wala kusema. Nilimwona Idi. Nawaambia ukweli, nilimwona Idi kabisa.

Watu walikimbia kutoka mashambani, na wa kwanza akamshika bega ili amgeuze. Nikampiga mkono. Nilisema asiguswe, asigeuzwe, kofia isivuliwe, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikaishusha ile zipu mpaka chini, jaketi likafunguka mgongoni lenyewe, nikaweka kiganja nikaona mbavu zinapanda. Pumzi ilikuwa imemkatika, basi.

"Dada," akasema ndani ya kofia.

"Nipo. Chezesha vidole vya miguu."

Akachezesha. Kushoto, kulia. Nikalia hapohapo, na sikuona aibu.

Baadaye, alipoketi mwenyewe, tuliliangalia lile jaketi, nikaitoa sahani. Sahani, iliyotengenezwa kukinga mgongo wa mtu wa nchi nyingine, ilikuwa imepasuka kutoka upande hadi upande pale usukani ulipogonga. Chini yake kifuani palikuwa na wekundu tu. Glavu zilikuwa zimelika viganjani na viganja vikiwa vizima. Kidevu cha kofia kilikuwa kimesagwa na lami. Viwiko ndivyo vilivyochunika vibaya, kwa sababu pedi zilikuwa ndani ya mkunjo, kama nilivyosema. Nilimwonyesha hilo hapohapo. Alikuwa bado anatafuta pumzi lakini aliweza kusema, "Na kifua je?" Hapo alinishinda, maana angevaa kama nilivyotaka, sahani ingekuwa mgongoni, na mgongo haukuguswa.

Mwenye mahindi alifika wa mwisho, mama wa makamo wa Kikonzo, Mama Kabugho, mkono umeshika kifua chake mwenyewe. Alianza kwa kugomba.

"Mahindi yangu sasa iko wapi? Yote mumemwaga. Mawe niliweka, kwa nini hamuoni mawe?"

Aligomba huku akimpapasa Shafii kichwa, mabega, magoti. "Iko mzima? Sema kama iko mzima." Shafii alipomwambia ni mzima, akakaa chini kwenye mahindi yake. "Nilisema nimeua mtoto ya watu," akasema. Kisha akaiokota sahani iliyopasuka, akaipitisha kidole kwenye ufa, akaiweka chini kwa uangalifu. "Wasingya," aliiambia, yaani asante, akaiambia ile sahani.

Tukapiga magoti wote kukusanya mahindi, wapita njia, mimi, na Shafii kwa mkono mmoja, kwa sababu alikataa kukaa. Mama Kabugho alitunywesha uji wa mtama, na pikipiki ya Shafii yenye usukani uliopinda tukaiacha kwake. Nikampakia mdogo wangu nyuma yangu. Njia nzima hadi Kasese alinishika kiuno na nilikuwa nasikia anavyopumua. Niliendesha polepole, nikisikiliza.

Kasese

Zahanati walimsafisha viwiko, wakambonyeza mbavu moja moja, wakasema aende nyumbani. Nyumbani kwa mama yake Masika hapakuwa na mtu, wote walishaenda wodi ya wazazi. Masika alikuwa anatembea kwenye ukumbi, mkono kiunoni. Akaona bandeji, akaona jaketi lililochanika, likiwa bado kinyume kwa kuwa hakuwa na shati lingine.

"Umeanguka."

"Kidogo."

"Toka hapa, usinisimamie mbele, nitazaa kwa hasira."

Akazaa jioni ile, kwa hasira au bila, mtoto wa kike. Shafii alipopewa alimweka kifuani moja kwa moja, akakunja uso kwa maumivu, asimtoe. Nilitoka nje. Kuna furaha nyingine mtu anahitaji ukuta wa kuegemea, na mimi niliupata ukuta wa wodi ya wazazi ya Kasese.

Siku zilizofuata Shafii mwenyewe ndiye aliyelipeleka jaketi kwa fundi cherehani. Pedi za viwiko zikahamishiwa nje, kwa namna ya mtu anayevaa kinyume. Sahani mpya nilimtumia baadaye. Kwa wakati ule fundi alishona mbili za plastiki ya jerikeni, moja mbele, moja nyuma. Zipu ikabaki mgongoni. Sikubishana tena.

Kasese hadi nyumbani

Nilipita kwanza Bwera kuwaaga, kisha nikarudi kwa njia ileile. Munkunyu nilimpigia Mama Kabugho honi. Mahindi yake alikuwa ameyaanika uani juu ya turubai, na alikuwa katikati yake na fimbo, anafukuza kuku, amechoka. Alinipungia fimbo. Katunguru yule afande wa mwavuli aliniruhusu kupita bila kufungua begi, akaniuliza tu kama yule wa kuanguka amevaa. Nikamwambia amevaa.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza habari za njiani wala za mtoto.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kwa macho yako?"

Nikampa simu. Ni picha aliyoipiga mwenye duka jirani na steji, siku niliyopita Bwera kuwaaga. Shafii yuko katikati na kofia yake iliyosagwa kidevu, jaketi limegeuzwa, na wenzake wamejipanga huku na huku. Wote makoti yao yamegeuzwa, na kifuani yamevimba kidogo, kwa sababu jerikeni zao za zamani zilikuwa zimeshafika kwa fundi. Wateja hawakushtuka, maana mgongoni waliona zipu ileile.

Mama aliitazama picha muda mrefu, akaisogeza karibu na macho.

"Mbona amevaa kinyume?"

"Ndivyo wanavyovaa kule, mama. Kinyume hicho ndicho kilichomwokoa."

Akaendelea kutazama. Kisha akaweka kidole pembeni kabisa mwa picha, juu ya yule mrefu.

"Na huyu?"

"Baluku. Huyo kofia hana."

Mama akanirudishia simu, akaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba chake ukisogezwa. Aliporudi alikuwa na kofia ya Idi mikononi, anaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, kwanza juu, kisha kioo, kisha mkanda.

"Hii ni nzima," akasema. "Mpelekee."